Dreja au tagi? Jinsi ya kusoma meli za kazi kwenye picha ya zamani ya bandari ya mto

Bibi mmoja jirani yetu hapa Makole alimtuma mjukuu wake kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha moja tu, ukubwa wa kadi ya posta, kona ya chini imeliwa na mchwa. "Hii ndiyo meli iliyompeleka babu Burma," kijana akaniambia. Babu yake alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. Aliondoka Dodoma kwa treni wakati wa vita, akarudi 1946 na sanduku la bati, na picha hii ilikuwa ndani ya sanduku hilo.

Nikaiweka chini ya taa. Katikati ya meli ile palikuwa na fremu ndefu ya chuma, na kutoka kwenye fremu ilishuka ngazi nene iliyopangwa ndoo kama shanga kwenye uzi. Meli ile haikumpeleka mtu Burma, wala haikuwahi kubeba hata abiria kumi. Ilikuwa inachimba tope.

Unaweza kujiuliza mtu wa Dodoma ana kazi gani na meli. Mji wenyewe, wazee wanasema, umepata jina kwa tembo aliyezama matopeni: idodomya, imezama. Zaidi ya hapo hatuna tulichowahi kuzamisha. Lakini pita nyumba za kando ya reli ufungue masanduku: kuna picha za wazee waliokuwa keya, za waliofanya kazi Reli na Bandari, za waliokwenda Kigoma wakabaki ziwani. Hata Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilipita hapa. Ilijengwa 1913 kule Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam, na vipande vikapanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, ambako meli iliingia majini 1915. Kwa hiyo picha za meli tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuzisoma.

Ninavyofanya mimi ni hivi: natafuta kwanza meli ilikuwa inafanya kazi gani, kisha ni ya wakati gani, kisha iko wapi. Jina naliacha la mwisho. Wengi huanza na jina, na wakishalipata hata kwa kubahatisha, macho yanaacha kutazama.

Kabla ya kutazama

Usiipeleke picha kupigwa laminesheni. Nasema kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilipeleka picha ya familia yetu kwenye steshenari moja mjini ili "ihifadhiwe", ikarudi imebanwa kwenye plastiki, maandishi ya penseli ya nyuma yakiwa yamefifia chini ya gundi. Haitoki tena.

Funga dirisha, maana upepo wa Agosti na Septemba hapa unajulikana, na vumbi letu ni jekundu na lina changarawe. Usifute picha kwa kitenge. Puliza kwa kipulizio cha mpira au pangusa kwa brashi laini kabisa. Kisha iskani kwa nukta 1200 kwa kila inchi, mbele na nyuma. Kama huna skana, iweke mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba na picha, flashi izimwe.

Baada ya hapo usiguse zile programu za simu zinazong'arisha picha za zamani. Hazigundui kilichofichika, zinabuni. Nimeona programu ikigeuza doa kwenye omo (sehemu ya mbele) ya meli kuwa herufi tatu safi kabisa, na mwenye picha akazunguka na "jina" hilo mwezi mzima. Kuongeza mwanga na kuvuta karibu kunatosha. Ukiwa na kile kioo cha jicho cha mafundi saa, tazama picha yenyewe pia. Mara nyingi kinaonyesha kuliko skrini.

Geuza picha. Kama nyuma imegawanywa kwa mstari, upande mmoja wa ujumbe na mwingine wa anwani, hiyo ni kadi ya posta ya baada ya mpango huo kuruhusiwa: Uingereza 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Ya Bibi ilikuwa na mstari. Hapo hapo tulipata mipaka miwili: haikuwa ya kabla ya 1902, wala ya baada ya 1946 ilipofika Dodoma. Kumbuka pia kwamba kadi ya posta inauzwa dukani. Kuwa nayo si ushahidi kwamba mzee alisimama kwenye gati hilo.

Halafu hakikisha picha haikuchapwa kinyume. Tafuta herufi au namba yoyote. Ukikosa, tazama vifungo vya mashati ya wanaume: kwa kawaida upande wenye vifungo ni wa kulia kwa mvaaji. Nilishawahi kumaliza jioni nzima nikilinganisha ukingo wa mto na ramani, kumbe filamu iligeuzwa na ukingo wa kushoto ulikuwa wa kulia.

Dreja inajulikana kwa inavyochimba

Dreja ni meli ya kuongeza kina. Mto hauachi kuleta tope, na bandari iliyo mtoni bila dreja hugeuka kuwa shamba. Beira, kwenye mlango wa mto Pungwe, inapambana na tope mpaka leo. Clyde ya Glasgow ilikuwa mto wa kina kifupi uliochimbwa mpaka ukapitisha meli kubwa, na si ajabu kwamba mji wa Renfrew kando ya mto huo ulikuwa na viwanda viwili mashuhuri vya kuunda dreja, William Simons na Lobnitz. Vyote viwili viliuza dreja duniani kote. Ukiona dreja ya zamani kwenye picha kutoka makoloni ya Mwingereza, viweke viwanda hivyo akilini, ila usiviandike bado.

Dreja ya ndoo ndiyo rahisi kuliko zote. Tafuta fremu ndefu katikati ya meli, ndefu kuliko chumba cha usukani, wakati mwingine ndefu kuliko dohani, lile bomba la moshi. Kwenye kilele cha fremu kuna gurudumu kubwa ambalo mnyororo wa ndoo unazungukia. Ndoo hushuka tupu zimepinduka chini ya ngazi, zinachota tope kule chini, zinapanda zimejaa upande wa juu, zikifika kileleni zinapinduka. Tope linaanguka kwenye mfereji wa bati ulioinama kuelekea ubavuni, na kutoka hapo linaingia kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mzigo, lililofungwa pembeni. Kwa hiyo usitazame ndoo peke yake, maana ngazi ikiwa majini hutaiona yote. Tazama ile mifereji miwili iliyotokeza kushoto na kulia kama mikono. Na kama picha imepigwa kutoka upande ngazi inapotokea, utaona bodi ya meli imegawanyika kama kwato za ng'ombe, kwa sababu ngazi inapita kwenye uwazi ulioachwa katikati.

Kwenye picha ya Bibi palikuwa na matishari mawili, moja kila ubavu. La kushoto lilikuwa limezama mpaka maji yanakaribia sitaha, la kulia limeelea juu kama boga. Yaani mpiga picha aliwakuta wakiwa wamekwisha kujaza moja na wanakaribia kuhamia la pili. Na waya nne zilitoka kwenye dreja kwenda kuzama majini mbali, kila pembe moja. Dreja ya ndoo haizunguki huku na huko. Inajifunga kwa nanga nyingi, kisha inajivuta taratibu kushoto na kulia kwa waya hizo, ikikwangua chini kama mtu anayefyeka. Meli iliyofungwa kwa waya pande zote katikati ya mto, mbali na gati, karibu kila mara ni dreja.

Dreja ya kufyonza ni ngumu zaidi, maana kwa mbali inafanana na meli ya mizigo. Tafuta bomba nene lililolala ubavuni na vyuma viwili au vitatu vya kulishusha. Katikati ya sitaha, badala ya mifuniko ya ngama (ghala la mizigo), kuna shimo wazi la kuhifadhia mchanga, na juu yake safu ya minyororo au vyuma vinavyofungua milango ya chini. Ikiwa bomba limeanzia nyuma ya meli na kwenda mpaka nchi kavu likielea juu ya mapipa, dreja hiyo inasukuma tope kwenda kufukia mahali. Na ukiona nguzo mbili ndefu zimesimama wima tezini, yaani nyuma ya meli, kama miti ya goli, hiyo ni ya kukata na kufyonza: nguzo moja inachomekwa chini na meli inazunguka juu yake.

Dreja ya kreni ina kreni moja au zaidi sitahani, na mwisho wa waya kuna taya mbili za chuma. Hapa watu hukosea sana, kwa sababu kreni ya kuchimba na kreni ya kupakulia mizigo zinafanana. Tazama kilichoning'inia: taya, au kulabu? Priestman wa Hull, Uingereza, walijulikana kwa taya hizo tangu karne ya 19.

Tishari la tope lenyewe lisikudanganye. Lina minyororo na winchi katikati kama dreja, lakini halina cha kuchimbia. Linabeba tu, linavutwa hadi mbali, linafungua milango ya chini na kumwaga.

Tagi

Picha ya Bibi ilikuwa na meli ya pili, ndogo, nyuma ya tishari lililojaa. Familia nzima haikuwa imeitilia maanani. Mimi ndiyo iliyonivuta.

Tagi, meli ndogo ya kuvuta meli kubwa na matishari, inatambulika kwa sehemu moja, nayo si ya mbele. Tazama nyuma. Sitaha ya nyuma ni tupu, pana, na imeshuka karibu na maji. Kulabu ya kuvutia haiko tezini kabisa kama mtu angedhani, iko karibu na katikati, nyuma kidogo ya dohani. Sababu ni hii: kamba ikifungwa tezini, meli kubwa inayovutwa inaushika mkia wa tagi, na tagi haiwezi kugeuka. Ikifungwa karibu na katikati, mkia unabaki huru, nahodha anageuza atakavyo. Lakini hapo kuna hatari yake. Meli kubwa ikienda kasi upande, kamba inaivuta tagi ubavuni na inaweza kuipindua kwa muda mfupi sana, ndiyo maana kulabu inatengenezwa ya kuweza kufyatuliwa haraka.

Sasa tafuta matao ya chuma yanayovuka ile sitaha ya nyuma kutoka ubavu hadi ubavu, mawili au matatu, yameinama kama migongo. Kamba inateleza juu yake isikwaruze mlango wala kumfagia baharia. Ukiyaona matao hayo juu ya sitaha ya chini iliyo tupu, na kulabu mbele yake, umeshapata tagi. Mengine yanathibitisha tu: dafrao (kinga ya kugongana) nene la kamba zilizosukwa kwenye omo, likifanana na ndevu, dohani kubwa kuliko umbo la meli, na chumba cha usukani kilichosogea mbele. Kwenye mito yenye madaraja mafupi, dohani inaweza kuwa na bawaba ili ilazwe nyuma. Itazame kwenye shingo, karibu na sitaha, utaona kiungo na uzito wa kusawazisha.

Mito mikubwa kama Kongo na Mississippi ina jamii nyingine, zinazosukuma badala ya kuvuta. Omo yake ni bapa na ina magoti mawili ya wima ya kuegemea matishari. Hizo hazihitaji matao.

Jihadhari na magurudumu ya ubavuni. Tagi yenye magurudumu ya kupigia maji inaonekana ya kale sana, lakini Jeshi la Maji la Uingereza liliunda tagi za namna hiyo hata katika miaka ya 1950, tena za dizeli na umeme.

Nilipompelekea Bibi skani na kumwonyesha ile meli ndogo kwenye kioo cha kompyuta, alikaa kimya kidogo, kisha akasema mumewe hakuwahi kusema "iliyotupeleka". Alikuwa akisema "iliyotuvuta." Watoto ndio walioibadilisha, kwa sababu kwao meli ni ile kubwa.

Umri

Usitegemee kitu kimoja, kusanya vingi. Dohani ndefu nyembamba ni ya mvuke wa makaa, kwa sababu urefu unavuta hewa ya kuchochea moto. Dohani fupi nene mara nyingi ni ya dizeli, ingawa meli za mvuke zilizoundwa baadaye nazo zilifupishwa. Mistari ya vichwa vya ribiti, misumari ya kuunganishia mabati, kwenye ubavu inaelekeza kabla ya kulehemu kuenea, yaani kwa kiasi kikubwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na miaka michache baada yake. Antena ya rada juu ya chumba cha usukani, kwenye meli ya kiraia, ni ya baada ya vita hivyo. Matairi ya gari yaliyoning'inizwa kama dafrao, kama tunavyoona kila bandari leo, hayaelekezi kwenye picha ya kale.

Alama zinazotundikwa mlingotini ni hazina. Mpira, almasi, mpira, moja juu ya nyingine, ni alama ya meli ambayo kazi yake inaizuia kukwepa wengine. Upande wenye kizuizi dreja inatundika mipira miwili, upande salama wa kupita almasi mbili. Kwa dreja, mpangilio huo wa pande mbili unatoka kwenye kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika 1977. Namba ya tarakimu saba yenye herufi IMO iliyoandikwa kwenye bodi nayo ni ya siku hizi: utaratibu ulianza 1987.

Rangi kwenye picha ya nyeusi na nyeupe ni mtego. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo dohani nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu ya anga ilitoka nyeupe. Usiseme "kampuni yenye dohani nyeusi" kwa picha ya kabla ya miaka ya 1930 bila ushahidi mwingine.

Vipimo na mahali

Hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Kwenye omo na tezi za meli kuna namba za kina zilizopakwa wima. Kwa mfumo wa Kiingereza kila namba ina urefu wa inchi 6 na hatua kutoka namba moja hadi nyingine ni futi moja, mara nyingi kwa namba za Kirumi kwenye meli za zamani. Kwa mfumo wa mita, namba zina sentimita 10 na hatua ni sentimita 20. Ukiona namba mbili tu, una rula tayari ndani ya picha. Pima bodi yote kwa rula hiyo, ila kwa sehemu zilizo umbali uleule kutoka kwenye kamera.

Kwenye gati la picha ya Bibi palikuwa na reli, na kuli mmoja amesimama katikati ya reli mbili. Upana wa reli ulikuwa karibu sawa na urefu wake. Reli yetu ya zamani hapa Dodoma ina mita 1 kamili, inafika mtu kiunoni hivi ukiisimamisha. Burma nayo ilitumia mita 1, na Chittagong, bandari iliyo Bangladesh ya leo, vilevile. Reli pana ya India ni milimita 1676. Kwa hiyo picha ile si Dar es Salaam, ambayo pia haiko kwenye mto bali kwenye hori la bahari, na wala si Rangoon, bandari ya Burma. Bandari ya mto yenye reli pana, iliyo njiani kwa askari wa Afrika Mashariki waliokwenda kupigana Burma 1944, inaelekeza Calcutta (leo Kolkata) ya India, kwenye mto Hooghly, ambako meli hupanda mto zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini na dreja hazipumziki. Mashua za kienyeji zenye tezi iliyoinuka, pembeni ya picha, zilikubaliana na wazo hilo.

Tazama pia mstari wa unyevunyevu kwenye ukuta wa gati. Ukiwa juu sana kuliko maji, picha ilipigwa maji yamekupwa, na mto huo unasikia bahari.

Jina

Sasa ndiyo tafuta jina. Kwenye meli zilizosajiliwa kwa Waingereza liko mara tatu: pande zote mbili za omo, na tezini pamoja na bandari ya usajili. Kwenye tagi ya Bibi herufi mbili za mwisho zinasomeka, NA, zilizobaki zimefunikwa na dafrao. Herufi mbili zinatosha kumwondoa mtu, hazitoshi kumtaja.

Ukipata jina zima, fungua vitabu vya usajili wa meli vya Lloyd's, vinavyochapwa tangu 1764, na vingi vimewekwa mtandaoni bure. Tangu mwisho wa karne ya 19 vinaorodhesha meli za tani 100 na zaidi, kwa hiyo tagi ndogo ya mtoni huenda isiwemo. Kwa meli zilizoundwa Scotland kuna kanzidata ya wazi ambamo unatafuta kwa jina, mwaka au kiwanda. Usisahau kwamba dreja huuzwa na kubatizwa upya, na kwamba meli nne zinaweza kubeba jina moja. Linganisha urefu uliopima na ule ulioandikwa, kisha mwaka, kisha bandari. Visipokubaliana vitatu, endelea kutafuta. Na kwa kuwa hii ni kadi ya posta, tafuta pia kwa picha yenyewe: kadi zilichapwa kwa wingi, na nakala nyingine inaweza kuwa na ile kona yenye maelezo ambayo mchwa wa Makole walikula.

Maelezo ya nyuma yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya picha, kwa penseli, yakitenganisha kinachoonekana, kinachoelekea, na kinachosimuliwa. Ya Bibi nimeyaandika hivi, na mjukuu ameyaweka kwenye bahasha:

"Kadi ya posta, kati ya 1902 na 1946. Inaonekana: dreja ya ndoo ya mvuke iliyofungwa kwa waya, matishari mawili ya tope, la kushoto limejaa; tagi ya mvuke, jina linaishia NA; gati lenye reli pana. Inaelekea: Calcutta, mto Hooghly. Bibi anasimulia: mumewe, askari wa keya, alisema hii ndogo ndiyo iliyowavuta."